Mkata Vioo Aliyeacha Vidonge kwa Mkato Mmoja

Katika kazi ya kukata vioo kuna sheria isiyo na msamaha: mstari haurudiwi. Unachovya kigurudumu cha chuma kwenye mafuta ya taa, unakiweka ukingoni mwa kioo, unashusha pumzi, halafu unavuta kuja kwako bila kusita mpaka ukingo wa pili. Ukivuta vizuri, kioo kinalia kwa sauti nyembamba isiyokatika, na alama yenyewe huioni mpaka uiinamie kwenye mwanga. Ukisita katikati umeharibu. Ukirudia ili urekebishe umeharibu zaidi, maana kioo kilichokwaruzwa mara mbili hukatika kinakotaka chenyewe.

Mwanamke aliyenifundisha haya mtaa mzima unamwita Rula, kama ile rula ya kunyooshea mistari iliyo mezani kwake. Baba yake alikuwa mkata vioo, na alimpa kifaa mkononi tangu enzi alipokuwa akisimama juu ya kreti ndipo aifikie meza. Meza ni ileile mpaka leo: pana kama kitanda cha watu wawili, imefunikwa zulia la kijani lililochakaa, na inakula nusu ya karakana. Nilikuwa nimepanga chumba juu yao. Nimeishi katika miji mingi, na kila mji una sauti yake ya kukuamsha kabla hujataka. Hapo ilikuwa mlio wa kigurudumu, kisha kimya kifupi, kisha mpasuko mmoja mkavu kioo kinapoachana.

Wao ni watatu. Rula anakata. Mume wake anapima madirisha ya watu na kwenda kuyapachika. Kaunta anaikalia wifi yake, dada mkubwa wa mume, ambaye ndiye aliyeachiwa jengo na wazazi na hachoki kulitaja. Wifi ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Kwa muda mrefu alikuwa na wazo moja: vioo viletwe kutoka ghala vikiwa vimeshakatwa, meza itolewe, na mahali pake pawekwe rafu za fremu za picha.

"Meza hii ni mgeni aliyekaa mpaka ameanza kudai funguo," alikuwa akisema.

"Meza hii ndiyo inayokulisha, wifi," Rula alimjibu.

"Inanilisha vipande vya kioo. Tazama soli za viatu vyangu."

Ulikuwa utani, na ulibaki utani kwa miaka, kwa kuwa hakuna ghala lililokata kama Rula. Mambo yalianza kwenda mrama alipofariki dada yake.

Alimuuguza mwenyewe, akamzika, akarudi kazini kana kwamba alitoka sokoni. Usingizi ndio uliomsaliti kwanza. Kisha chakula. Kisha asubuhi moja mume wake alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mume akaenda kuoga, akanywa chai, akarudi, akamkuta vilevile.

"Sijui kinavaliwaje," Rula alimwambia. Hakuwa anatania.

Daktari wa zahanati alimsikiliza bila haraka, akamwandikia vidonge vya sonona. Alimwambia vingechukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na kwamba huenda angevitumia kwa miezi michache tu. Alimwambia pia asije akaviacha bila kurudi kwake. Hilo la mwisho Rula analikumbuka kama mtu anavyokumbuka tangazo la stesheni: alilisikia, lakini halikuwa la treni yake. Wifi hakuambiwa kitu. Mke na mume walikubaliana kwamba akiuliza, ni vidonge vya kuongeza damu.

Vilisaidia, na hilo lazima lisemwe. Usingizi ulirudi, chakula kikashuka, kiatu kikavalika. Lakini vilikuja na mizigo yao. Jasho lilimtoka akiwa amesimama tu, likadondoka kwenye kioo alichokwisha kukisafisha. Alipiga miayo bila kuwa na usingizi mpaka taya zikamuuma. Kitandani, mume akimgusa, alihisi kama mkono umewekwa juu ya blanketi ambalo yeye hayumo ndani yake. Na hakulia wala hakucheka.

"Zamani ulikuwa unacheka hata nikipiga chafya," mume alimlalamikia. "Jana nimeanguka kutoka kwenye ngazi mbele ya macho yako, na wewe umeniuliza kama ngazi ni nzima."

"Ilikuwa nzima?"

"Unaona? Huo ungekuwa mzaha mzuri, kama ungetabasamu."

Rula alijua mahali pa kicheko. Alipajua kama mtu anayekumbuka kabati lilisimama wapi kabla watu hawajahama nyumba. Ndugu walipokwenda kuzuru kaburi la dada yake, kila mtu alilia, hata jirani aliyekwenda kwa ajili ya kupata usafiri wa bure. Yeye alisimama macho makavu, akipiga miayo, na shangazi mmoja akamwangalia jicho la kando. Ndipo alipoamua. Analala, anakula, anafanya kazi. Basi amepona, na kilichobaki ni kupona vidonge vyenyewe.

Mpishi labda angepunguza moto kidogo kidogo. Dereva angekanyaga breki taratibu. Rula hakuwa na ujuzi huo mwilini. Mikono yake ilifundishwa tangu utotoni kwamba kusita ndiko kunakovunja, na kwamba jambo la kukata hukatwa mara moja, kwa pumzi moja, bila kutazama nyuma. Alivimwaga vidonge vyote kwenye ndoo ya mabaki ya vioo, mahali ambapo hakuna mtu angetia mkono kuvitafuta, akahisi fahari ileile ya mkato safi.

Siku za kwanza alijiona mjanja. Jasho lilipungua. Alicheka mume alipopiga chafya, na mume akataka kumwita wifi aje kuwa shahidi. Kisha umeme ukaja.

Ulianza akihamisha macho kutoka kwenye rula kwenda kwenye kifaa. Kitu kilipiga nyuma ya macho, kikapita kichwani hadi midomoni, na kwa kitambo kidogo dunia ikaruka hatua, kama picha ya sinema iliyokatwa kipande cha utepe. Nimewasikia watu wa lugha nne wakijaribu kuieleza hali hii. Hakuna aliyenipa neno la kitabibu. Wote walisema umeme, na wote walipeleka mkono kisogoni wakisema. Baada ya umeme sakafu ilikuwa laini kama godoro. Kichefuchefu kikafuata. Ndotoni dada yake alikuja kudai kitana chake, mkali kuliko alivyokuwa hai. Mchana Rula alilia kwa sababu ya tangazo la sabuni redioni, na dakika chache baadaye alimfokea mume wake kwa sababu ya kijiko kilichowekwa upande usio wake.

Hakumwambia mtu. Aliamini ugonjwa umerudi, na safari hii umekuja na ukoo wake wote. Akajikaza.

"Mbona unatembea kama umeazima miguu?" wifi alimuuliza.

"Kizunguzungu tu."

"Kizunguzungu! Au tumtarajie mgeni?"

"Wifi, kwa umri huu mgeni pekee nitakayempokea ni wewe ukija na sukari."

Wifi alicheka, lakini hakumwondolea macho.

Wiki hiyo walikuwa na kazi kubwa: kioo cha kujitazama cha saluni, cha kufunika ukuta mzima. Kilikuwa kirefu kuliko meza, kwa hiyo mume alisimama mwisho wake akishikilia ukingo uliotokeza. Rula alichovya kifaa, akashusha pumzi, akavuta. Katikati ya safari macho yake yaliteleza kwenda kwenye alama ya rula, na umeme ukapiga. Mkono ulisimama, kwa muda wa kupepesa jicho.

Hata mwanagenzi wa juzi anajua cha kufanya hapo. Unaacha. Unakubali kwamba kioo hicho hakitakuwa ulichokusudia, unatafuta mstari mwingine mbali na ule, unatoa vipande vidogo. Rula amewafundisha watu hilo. Lakini siku ile alikuwa amechoka kuwa mtu anayeharibikiwa. Aliinua kifaa, akarudi nyuma kidogo, akarudia mstari.

Mume aliusikia. Mkato wa pili unalia kama mchanga kati ya meno.

"Umefanya ni..." alianza.

Kioo kiliachana mshazari kuelekea kwake. Kipande kilichobaki mikononi mwake kikateleza na kuuchana mkono, kutoka karibu na kiwiko mpaka kifundo.

Wifi alitoka kaunta akipiga kelele. "Nilisema! Nilisema au sikusema, juu ya meza hii!" Huku akipiga kelele alikuwa akiufunga mkono wa mdogo wake kwa taulo, kwa nguvu na ustadi, na akamtuma Rula kutafuta gari kwa sauti ambayo hata mwenye afya asingebishana nayo.

Zahanati ni ndogo na daktari alikuwa yuleyule. Alimlaza mume, akasafisha jeraha, akaanza kushona. Rula alisimama ameshika ukuta kwa mikono yote miwili. Daktari alimtupia jicho mara moja, halafu tena.

"Mama, wewe nilikuandikia dawa. Unaendeleaje nazo?"

"Niliziacha."

"Ulizipunguza?"

"Niliziacha. Zote, siku moja."

Sindano ya daktari ikasimama hewani.

"Daktari," mume alisema kutoka kitandani, "malizia kwanza kushona, utashangaa baadaye."

Daktari alimaliza kushona huku akiuliza. Hali hii ilianza lini? Baada ya kuacha, siku chache tu. Huo umeme unakuja akihamisha macho? Hasa akihamisha macho. Je, wakati ule wa msiba, kabla ya dawa, aliwahi kuusikia?

"Hapana."

"Wakati ule ulikuwaje?"

Rula alifikiri. "Wakati ule nilikuwa jiwe. Sasa ni waya."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. Alimweleza kwamba ubongo uliozoea dawa, hata kwa miezi michache, unaweza kuyumba dawa ikiondolewa ghafla. Wengine wanaacha na hawasikii chochote, wengine wanapata taabu kama yake, na si rahisi kujua mapema nani ataangukia wapi. Haimaanishi kwamba ugonjwa umerudi, ingawa lazima waendelee kuuchunga. Wala haimaanishi kwamba amekuwa mlevi wa vidonge. Alitaka aanze tena kwa kiasi kidogo, atulie, kisha washuke hatua kwa hatua, kwa wiki nyingi ikibidi.

"Nirudie?" Rula aliuliza.

"Urudie, halafu ushuke polepole."

"Daktari, mimi nimeshakata."

"Najua. Ndiyo maana uko hivi."

"Nikirudia si ndio naharibu zaidi?"

Daktari hakuelewa swali lilikotoka. Mume alielewa. "Mke wangu," alisema, "wewe si kioo. Kioo hakijawahi kuamka asubuhi kikanitukana kwa sababu ya kijiko."

Muuguzi alicheka. Rula hakucheka. Aliniambia baadaye kwamba kukimeza kile kidonge cha kwanza cha kurudia kulimwia vigumu kuliko kumwosha dada yake kabla ya kumzika. Alikishika kiganjani mpaka kikaanza kuyeyuka kwa jasho, na kila kitu alichofundishwa na baba yake kikimwambia asikiguse.

Nyumbani wifi alikuwa akiwasubiri, na safari hii haikuwezekana kutaja damu.

"Vidonge vya wazimu?" wifi alisema. "Mkanificha? Mimi ninayekaa na wateja?"

"Ni vya sonona, dada," mume alisema.

"Viwe vya sonona, viwe vya tumbo! Mkono wako umeshonwa kama mpira wa ngozi." Kisha akamgeukia Rula, na sauti ikashuka, jambo lililotisha zaidi. "Ungeniambia huwezi, ningekasirika. Hukuniambia, ukaweka kioo mikononi mwa mdogo wangu."

Wifi alichukua simu, akaagiza fremu. Zingechukua muda kufika, na huo ndio muda aliompa: kama fremu zitafika kabla Rula hajakata kioo kikubwa na kikakatika kilipoambiwa, meza inatoka, na Rula atauza fremu kama watu wengine. Mume alijaribu kutetea, akaambiwa anyamaze asije akafumua nyuzi.

Hivyo ndivyo kupona kwake kulivyoanza, kwa hofu pande zote mbili. Kidonge kilituliza umeme kwa siku chache, jasho likarudi. Alipotulia, daktari alimshusha hatua ya kwanza. Kila hatua ilikuwa na siku zake mbaya: umeme, godoro chini ya miguu, machozi yasiyo na msiba. Kisha hali ililegea, na akaanza kuamini, na ikawa ni wakati wa kushuka tena. Aliomba waharakishe, kwa kuwa alikuwa akizisikia fremu zikija. Daktari alikataa. Aliomba tena. Akakataliwa tena, kwa upole uleule uliomfanya Rula atake kumrushia kiti.

Siku mbaya hakugusa kifaa. Aliketi akisugua kingo za vioo kwa jiwe na maji, kazi ambayo hata mkono unaotetemeka hauiharibu. Kuna asubuhi aliamka mzito, akakitazama kiatu chake kwa woga, asijue kama huo uzito ni wa dawa inayotoka au wa ugonjwa unaogonga mlango. Alimpelekea daktari swali hilo. Daktari alimwambia wasubiri na kutazama, na kama uzito utakaa, watazungumza upya. Halikuwa jibu la kumlaza mtu usingizi, lakini lilikuwa la kweli. Mara moja alirusha kikombe ukutani. Mume aliokota vipande kwa mkono mzima, akasema bora hicho, hakikuwa na seti.

Wifi hakulegeza masharti. Ila siku moja alileta kiti kutoka kaunta akakiweka karibu na meza. "Kaa. Usije ukaangukia vioo vya wateja." Siku nyingine, duka likiwa tupu, alimuuliza bila kumtazama:

"Huo umeme wako. Unauma?"

"Hauumi. Unatisha."

"Ah," alisema wifi, akaendelea kupangusa kaunta iliyokwisha kung'aa.

Siku njema Rula alianza kukata vipande vidogo: vya fremu, vya kabati, kioo cha dirisha la choo. Vilikatika vilipoambiwa. Nikaanza tena kuamshwa na ule mlio.

Fremu zilifika asubuhi. Wapakuzi waliyaweka masanduku mlangoni, wakauliza ziende wapi. Wakati huohuo aliingia mwenye duka la viatu, mlango wake wa kioo umevunjwa na mwizi, anataka kioo kizima cha mlango, na anakitaka leo. Mume alimtazama Rula. Wifi alimtazama Rula. Hata mpakuzi mwenye sanduku begani, ambaye hakujua chochote, alimtazama kwa kuwa wote walikuwa wakimtazama.

Alikuwa ameshuka hatua nyingine siku iliyotangulia. Ngazini, akija kazini, umeme ulimpiga, akashika ukuta.

Waliweka kioo mezani. Mume akaenda kushika ukingo, mkono wenye kovu ukiwa mbele. Rula alichovya kifaa kwenye mafuta, akakiweka ukingoni, akashusha pumzi. Akayahamisha macho kutoka kwenye kifaa kwenda kwenye rula, kwa makusudi, kujijaribu. Ukapiga.

Akainua kifaa kabla hakijaacha alama.

"Leo hapana," alisema. Mteja akamkodolea macho, ikabidi arudie. "Leo sikati. Mkono wangu hauko sawa. Njoo Alhamisi, nitakutazamia."

"Mama, duka langu liko wazi kama soko," mteja alisema. "Mpaka Alhamisi wezi watakuwa wameniachia bawaba tu." Akaaga kwa heshima, akaenda kwa mkata vioo wa mtaa wa pili.

Rula alibaki ameshika kifaa, akisubiri kuambiwa. Mpakuzi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Mama, hili sanduku lina uzito. Tuweke wapi?"

Wifi alimtazama Rula, akautazama mkono wa mdogo wake, akamtazama mteja akipotelea mwisho wa barabara.

"Chini ya meza," alisema.

"Chini?"

"Husikii? Chini ya meza, panapo nafasi." Kisha kwa Rula, kwa hasira kabisa: "Na usinitazame hivyo. Umenipotezea mteja."

"Nimekupotezea."

"Mteja mzuri."

"Najua, wifi."

"Basi kaa kwenye kiti, unatetemeka."

Masanduku hayakuenea yote chini ya meza. Mawili yalibaki njiani, na kutoka siku hiyo Rula alilazimika kupita upandeupande ili afike mahali pake pa kukatia. Nilipohama mtaa ule alikuwa bado hajafika kidonge cha mwisho. Siku nyingine nilisikia mlio, siku nyingine nilisikia jiwe likisugua.